Jina Ambalo Mama Koome Hakulitaja

Kibirichia nzima ilimjua Mama Koome kwa viazi vyake. Lydiah, maana ndilo jina lake la ubatizo, hakuwahi kuficha vidogo chini ya gunia kama wengine, na boma lake lilifagiliwa hadi kuku wakaogopa kulikanyaga. Sifa ni tamu, nazo zilimlevya.

Kisha surua ikampata Koome, mzaliwa wake wa kwanza. Vipele vilikauka, lakini homa ikarudi na degedege, na Koome aliyeamka hakuwa yule aliyelala. Alicheka ovyo kanisani, akavua nguo sokoni, akampiga mwalimu wake. Daktari hakumficha kitu.

"Surua ilifika kwa ubongo, mama. Si utundu, si mapepo. Anataka dawa na uvumilivu."

Lydiah aliitikia, akarudi nyumbani na lake moyoni. Mtoto wa surua huwekwa gizani, ndivyo walivyolelewa. Labda alimtoa mapema mno. Akamrudisha gizani, kwenye stoo ya viazi, ati ugonjwa umalizike. Uongo mtupu! Wageni walipokuja tu ndipo giza lilipokuwa dawa.

Jumamosi moja zamu ya kuwapokea akina mama wa kanisa ikamfikia. Chai ikanywewa, mukimo ukaliwa. Desturi yao, kabla ya kuondoka, ni kuwaombea watoto wa nyumba ile, kila mmoja kwa jina lake.

"Mama Koome, tutajie watoto," akasema Marcella, kiongozi wao.

"Kaari," akasema Lydiah. "Na Mwirigi."

Hakuna aliyefumba macho kuomba. Walikuwa wakimwita kwa jina la mtoto yule tangu walipoingia, na kelele zake walizisikia kila walipopita barabarani. Mficha maradhi kifo humuumbua; Lydiah hata kifo hakukingoja.

"Na mimi," ikasema sauti ya taratibu nyuma ya mlango wa stoo. "Na Koome."

Miezi yote ile alikuwa akimwonea mtoto haya mbele za watu. Sasa aliona haya mbele ya mtoto mwenyewe, na hiyo ilichoma zaidi. Akafungua komeo. Koome alikuwa amesimama kati ya magunia, amefunga vifungo vya shati hadi shingoni kama anayekwenda kanisani, akikinga macho kwa kiganja.

"Sikupiga kelele, mama," akasema.