Karatasi Niliyomsomea Baba

Pumba za mpunga zikiungua polepole hutoa harufu ya mkate uliosahauliwa motoni, na harufu hiyo ikichanganyika na ya oili chafu iliyomwagika mchangani, mimi hurudi moja kwa moja Ifakara, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, mahali mjomba Tadei alipokuwa na gereji yake. Gereji ni neno kubwa. Palikuwa na bati sita juu ya nguzo, shimo la fundi kushukia chini ya gari, na pembeni mlima wa pumba uliofuka moshi mchana kutwa bila kuwaka. Mjomba alikuwa kaka yake mama, mtu mfupi, mpole, mwenye vidole vilivyoshika weusi usiotoka hata Jumapili ya kwenda kanisani. Yeye na mafundi wenzake wote wa pale walikuwa na desturi moja: akikubadilishia kitu kwenye gari, kile cha zamani alikukabidhi mkononi, kimefungwa kwenye kipande cha gunia. Beringi iliyokwisha, mkanda uliokatika, chochote. Ulikwenda nacho nyumbani. Nyumba nyingi zilikuwa na vyuma vya namna hiyo nyuma ya mlango, havina kazi yoyote, na hakuna aliyethubutu kuvitupa. Vilikuwa ushahidi kwamba fundi hakukudanganya.

Mwaka niliokuwa darasa la sita, baba alikuwa na pikapu. Aliinunua ikiwa imetumika, kwenye duka kubwa la magari mjini Morogoro, baada ya misimu mingi ya kuuza mpunga na kujinyima. Ilikuwa ya bluu, na siku ilipofika nyumbani mama aliifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Pikapu hiyo ilichukua mpunga wa watu ng'ambo ya mto, ikapanda pantoni pale Kivukoni, ikaushusha kwenye mashine za mjini. Enzi hizo daraja lilikuwa bado. Naukumbuka mwezi wa saba wa mwaka ule kwa mlio wake: magunia yakidondoka, minyororo ya pantoni ikilia, na baba akipiga mluzi kila alipobadilisha gia. Kijana aliyemuuzia gari alimpa onyo moja, na baba alilirudia mbele ya kila mgeni kwa fahari: injini isifunguliwe na fundi wa mtaani, waranti, ile dhamana ya duka, itakufa. Mjomba Tadei alilisikia mara nyingi. Alicheka tu, akaendelea kunywa chai yetu.

Gari lilituharibikia Kisawasawa. Tulikuwa tunapeleka mchele upande wa juu, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wetu wa kushoto, mimi nikiwa katikati ya baba na utingo wake. Kwanza niliona mshale wa joto umelala upande mwekundu, kisha mvuke mweupe ukafunika kioo. Baba alisimamisha gari, mikono ikabaki kwenye usukani. Mjomba alifika kesho yake kwa basi la asubuhi, sanduku la vifaa begani. Hakuuliza maswali mengi. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akanisogezea.

"Ade, hii inafanana na nini?"

"Chai ya maziwa," nikasema.

"Umemaliza. Maji yameingia kwenye oili." Akamgeukia baba. "Shemeji, gasketi ya silinda hedi imeungua, haizuii maji tena. Hedi, hiki kifuniko cha juu cha injini, tutaifungua, tutaipeleka ikachongwe, gasketi tutanunua mpya. Injini yenyewe ni nzima. Magunia machache ya mpunga yanatosha, na ufundi wangu utanilipa ukivuna."

Baba akafuta jasho. "Wewe umetazama kwa macho tu. Wale wana mashine za kupimia."

"Wana mashine, sawa. Basi wakikwambia injini imekufa, waulize kitu kimoja tu: ile ya zamani tutaondoka nayo? Kama imekufa kweli, watakupa. Mwenye maiti ndiye anayezika."

Baba hakucheka. Alipiga simu Morogoro, wakatuma gari la kuvuta.

Ili mtu aelewe kosa la baba, inabidi aelewe jinsi mpunga ulivyonunuliwa bondeni. Mnunuzi alikuja na magunia yake, anayashindilia kwa miguu, anayashonea kilemba cha kamba juu hadi yanakuwa na vichwa viwili, kisha anayahesabu kama magunia ya kawaida. Tuliyaita lumbesa. Kila kitu kilifanyika kwa mdomo na kwa ndoo. Ukidai karatasi, mnunuzi anahamia kwa jirani. Baba aliibiwa hivyo tangu ujana wake, akajifunza jambo moja ambalo bondeni kote lilionekana ni busara: mwizi haandiki. Anayekuandikia kila kitu kimoja kimoja, na bei yake pembeni, na mhuri chini, huyo amejifunga mwenyewe. Ndiyo maana, tulipokwenda Morogoro kuchukua makadirio ya gharama, alikuwa na utulivu uliomtoka tangu Kisawasawa. Alinichukua mimi kwa sababu karatasi zao ziliandikwa Kiingereza, na mimi shuleni nilikuwa naongoza kwa Kiingereza.

Ofisi ilikuwa na vigae vyeupe na ubaridi wa mashine. Baba alivua kofia mlangoni. Niliona miguu yake kwenye ndala, vumbi letu jekundu katikati ya vidole, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona haya kwa sababu ya miguu ya baba yangu. Kijana aliyetuuzia gari alikuja na shati jeupe, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee wetu. Leo umekuja na mwanasheria?"

"Marahaba. Huyu ndiye anayenisomea," baba akasema.

"Safi sana. Darasa la ngapi, mama?"

"La sita."

"Haya, msomee mzee. Usimfiche kitu."

Karatasi zilikuwa mbili. Injini imekufa, zilisema, na kwa kuwa ilichemka waranti haiilipii; inabadilishwa yote, na chini yake vikafuata vifaa ambavyo vingi sikuvijua hata kwa Kiswahili. Nilisoma kwa sauti ya darasani, nikiyapita yale magumu haraka haraka ili nisigundulike. Kisha nikafanya kitu nilichokijua vizuri. Niliomba kalamu, nikageuza karatasi, nikajumlisha. Nilijumlisha kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, kama mwalimu alivyotufundisha. Kijana alisimama nyuma yangu, ananukia marashi, anasubiri. Baba alisubiri vilevile. Nilipoinua kichwa nilikuwa na furaha ambayo hadi leo siwezi kuikumbuka bila kuuma meno.

"Iko sawa, baba. Jumla imekubali."

"Umeona, mzee? Mtoto amekagua," kijana akasema, akaniletea soda baridi yenye mrija. "Huyu msomesheni. Atawafikisha mbali."

Baba aliishika kalamu. Nilijua neno alilotakiwa kuuliza, na yeye alijua kwamba ninalijua, maana tulikuwa pamoja Kisawasawa. Alikitazama kidogo kile kitone cha wino mwishoni mwa kalamu. Kuuliza injini ya zamani mbele ya vigae vile kulikuwa sawa na kumwambia mtu aliyekuamkia vizuri kwamba ni mwizi. Mimi ningeweza kuuliza. Mtoto husamehewa maswali. Lakini nilikuwa nimesifiwa, na soda ilikuwa mkononi. Baba akasaini.

Fedha zile hatukuwa nazo. Mama alikuwa na shamba ekari tatu, ng'ambo kidogo ya Kivukoni, ambalo bibi yangu alilifyeka mwenyewe msituni wakati mama akiwa mgongoni. Lilikuwa la mama, si la baba, na bondeni kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Baba alimwambia wakati wa chakula cha mchana kwamba liuzwe, bila kumtazama. Mama aliendelea kupakua ugali.

"Mliwauliza lile la Tadei?"

"Hesabu imekaguliwa na mwanao," baba akajibu. "Muulize yeye."

Mama akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyomuuliza daktari. "Ade, ni haki?"

Nikamwambia ndiyo. Nilimwambia nimejumlisha mara mbili. Akakubali kwa kichwa, akanisogezea nyama. Wiki ile ile alikwenda ofisi ya kijiji, akaliuza shamba kwa mfanyabiashara mwenye mashine ya kukoboa.

Pikapu ilirudi ikinguruma vizuri, boneti imeng'arishwa. Mjomba Tadei alikuja Jumapili baada ya misa, bado amevaa shati la kanisani, akaomba aione tu hiyo injini mpya. Baba alifungua kwa majivuno. Mjomba aliinama muda mrefu. Kisha akachukua kitambaa, akasugua rangi mbichi ya fedha upande mmoja wa injini mpaka chuma kikatokea, na kwenye chuma kulikuwa na namba.

"Shemeji, lete kadi ya gari. Ade, njoo na macho yako mazuri."

Nilisoma namba kwenye chuma. Baba alifuatisha kwenye kadi kwa kidole, midomo ikitikisika.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, polepole, tarakimu moja moja. Kadi iliandikwa siku tuliponunua gari, na namba ya injini iliyokuwa juu yake ilikuwa ileile. Hakuna kilichobadilishwa. Walifungua hedi, wakaweka gasketi, wakaosha, wakapaka rangi. Kile alichokisema mjomba barabarani kwa kutazama kijiti, ndicho walichokifanya. Kwa bei ya shamba. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Alituangalia mmoja mmoja, akarudi ndani, na tukasikia anapepeta.

Baba alikwenda Morogoro peke yake. Kijana wa shati jeupe hayupo, walimwambia, amehamishwa. Mwingine alimwonyesha saini aliyoiweka mwenyewe, akamuuliza kwa adabu kama alilazimishwa. Baba alirudi na basi la jioni, na kuanzia siku ile hakuzungumza na mjomba Tadei. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu hununiana kwa sababu mmoja amekosea. Baba alimnunia mjomba kwa sababu mjomba alikuwa amepatia. Alimpita njiani bila salamu, akapeleka gari kwa mafundi wengine, akasema mezani kwamba Tadei alikuwa na wivu tangu mwanzo. Mama alisikia hayo akiwa amekaa, na hakumtetea kaka yake. Mwaka uliofuata mjomba aling'oa bati zake sita, akahamia upande wa mashamba ya miwa, kutengeneza matrekta ya watu. Alikufa huko. Baba alihudhuria mazishi, akasimama nyuma kabisa.

Mimi sikuwahi kuulizwa chochote. Hilo ndilo lililonikaa kooni miaka yote. Hakuna aliyesema, Ade, ulitwambia ni haki. Waliendelea kunisomesha, kama yule kijana alivyoshauri, na kwa kweli nimefika mbali. Naishi Dar es Salaam, naandika vitabu, watu wananiita nikasome mbele ya watu wengine na wananipigia makofi. Kila ninapoombwa kusoma kwa sauti, kuna dakika moja ya mwanzo ambapo natafuta nani katika chumba kile ataumia.

Leo Ifakara imebadilika. Daraja limejengwa na lami inafika. Kijana wa bajaji akipewa makadirio na duka la magari anayapiga picha, anayatuma kwenye kundi la mafundi kwenye simu, na kabla chai haijapoa ameshajibiwa: spea hii inauzwa kiasi gani, hii huihitaji, hapo unaibiwa. Nimeona kwa macho yangu binti wa umri niliokuwa nao akimwambia meneja, bila kupepesa, kwamba bei ya pampu ya maji waliyoandika ni mara nne ya dukani. Baba yake alikuwa amekaa pembeni, amekunja nne, anatabasamu. Nilipaswa kufurahi. Nilitoka nje nikasimama juani, kwa sababu nilichokuwa nacho moyoni kilikuwa wivu mtupu. Sisi tulipungukiwa na kitu ambacho sasa kimo kwenye mfuko wa kila mtu, na kabla hakijafika tulikuwa na mjomba, na mjomba alitosha.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani msimu wa kupanda. Baba amezeeka, haongei sana, pikapu aliiuza zamani kama chuma chakavu. Mama bado analima. Kila mwaka anakodi ekari moja ya lilelile shamba lake kutoka kwa mtu aliyelinunua; safari hii aliyetupokea alikuwa mtoto wa mnunuzi, kijana wa kama miaka ishirini, mwenye heshima zake. "Shikamoo, mama," akasema, akampokea jembe. Nilitaka kulipa mimi, mama akanishika mkono, akalipa mwenyewe. Kijana akatutangulia kwenye matope, fimbo mkononi, akamwonyesha mpaka unapoanzia na unapoishia. Akamweleza kwa subira kwamba upande wa chini maji hutuama, asipande hapo mapema. Kwamba udongo wa kule juu ni mwepesi kidogo. Na kwamba kuna kisiki kirefu chini ya majani, mti wa zamani, hajui nani aliukata, aangalie asijikwae.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, mwanangu," mama akasema. "Asante kwa kunionyesha."

Akavua ndala, akanipa nimshikie, akaingia majini.