Majani Mawili na Chipukizi

Tangu niondoke nyumbani nimelala katika miji mingi, na popote ninapopita shamba la tumbaku, macho hutangulia kwenye ncha za juu za mimea.

Kwetu ni upande wa chini wa Bomet, ambako joto limezidi kidogo na chai haifanyi vizuri. Katika miaka ya tisini, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, serikali moja ya ng'ambo iliisaidia yetu kuingiza wakulima kwenye tumbaku. Mbegu bure, mbolea bure, na ahadi ya kiwanda cha sigara. Baba akatoa shamba lote la mahindi.

"Baba watoto," mama alimwuliza, "tumbaku inasagwa ugali?"

"Itanunua unga."

"Na ikikataa?"

Shamba lingine hatukuwa nalo.

Mgeni wa ng'ambo alifika mara moja tu, pamoja na afisa wa kilimo. Mama akataka kujua kama yeye mwenyewe anavuta. Afisa akatafsiri. Mgeni akacheka, akasema kwao serikali inawashauri watu waache. Mama akamwongezea chai.

Mimea ilipofika magotini, baba aliitwa Kericho kwa mafunzo. Wakati huo huo shangazi, dada yake baba, akaja kututembelea kutoka Mogogosiek na wenzake aliochuma nao chai miaka mingi. Wakakuta shamba limestawi na halina mtu. Kwetu, ukikuta ndugu amelemewa na kazi, hungoji akuombe. Walijifunga mifuko ya plastiki viunoni wakaingia. Hakuna aliyejua, hata mama na mimi, kwamba tumbaku huvunwa kuanzia chini, jani likishaanza kugeuka njano. Walichuma walivyozoea: majani mawili machanga na chipukizi, mmea kwa mmea, huku wakiimba nyimbo za kanisa.

"Hii ni laini kuliko chai," shangazi alisema jioni, akiwa ameridhika kabisa.

Baba alirudi na afisa. Afisa akainama, akashika shina lililokatwa kichwa.

"Mama, mmefanya nini hapa?" alimwuliza shangazi.

"Tumechuma."

"Basi si mngeweka kwa sufuria mnywe."

"Tunangoja sukari, bwana afisa."

Wanawake wakacheka. Baba alikuwa akiangalia mistari hadi mwisho wa shamba.

Machipukizi yalitoka kila ubavu na majani yakabaki membamba. Afisa akatuondoa katika mpango, akampa jirani nafasi yetu. Kwa majuma kadhaa baba hakukanyaga shambani. Kisha asubuhi moja, mvua ikiwa bado ipo, alichukua jembe akaanza kung'oa tumbaku bila kumwambia mtu. Mama alimfuata na mbegu za mahindi alizokuwa amezificha juu ya jiko. Alidondosha, baba akafukia kwa mguu.

"Zitatosha?" baba aliuliza.

"Zikipungua tutajazia maharagwe. Chimba."