Damu ya Mkwe

Daktari wa moyo alimtazama mama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, akasoma majibu ya maabara, akatabiri: siku ya kurekebishwa valvu ya moyo lazima ataongezewa damu. Alisema mwili mdogo vile, tena wenye damu iliyopungua, hauhimili upasuaji wa moyo bila msaada. Mama, Mwanglikana wa Nambale asiyetaka kutabiriwa, alimwambia kwamba wapiga ramli nao humkagua mtu hivyo hivyo.

Tulivyorudi nyumbani akatangaza vita. Alikula maini na mboga za kienyeji mpaka paka wetu akakata tamaa ya kuonjeshwa. Alipopimwa tena, damu ilikuwa imepanda kidogo tu. Daktari akampongeza, halafu akarudia utabiri wake na kutuagiza tutafute watu wa kutoa damu.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Ndugu zangu wamekonda kama mama. Mwenye mwili ni mume wangu, mtu wa kabila la Wateso kutoka Chakol, dereva wa malori ya Malaba. Na kwetu mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono, wala hawali meza moja. Miaka yote ya ndoa yetu walikuwa wakiongea kupitia kwangu, hata wakiwa ua mmoja.

"Mtu hatuwezi salimiana kwa mkono," mama akasema, "sasa damu yake izunguke ndani yangu mpaka ifike kwa roho?"

Muuguzi alimweleza kwamba damu huenda kwenye hifadhi, na mgonjwa hupewa inayomfaa, mara nyingi ya mtu asiyemjua kabisa. Mama akauliza kama ya mkwewe inaweza kuwekwa alama ipelekwe mbali. Niliogopa sana siku hiyo, na woga wangu ukatoka kama hasira.

"Mama, ukifa na heshima zako, mimi nitabaki na nani?"

Akakubali kupasuliwa.

Mume wangu alikwenda kutoa damu akiwa amenyoa na kuvaa shati la kanisani. Wakamrudisha, kwa sababu alikuwa ametoka tu kumeza dawa za malaria. Aliona aibu hadi akaniomba nisimwambie mama, akawatuma madereva wenzake watoe badala yake.

Utabiri ulitimia. Mama alivuja damu sana, akaongezewa, akapona. Alipoweza kuongea, mume wangu alikuwa amesimama nje ya wodi kama mila inavyotaka.

"Nilipewa?" mama akauliza. Nikaitikia.

"Ni yake, najua. Tangu niamke nasikia njaa ya dereva." Kabla sijafungua mdomo akaendelea, "Mwambie aingie. Mtoto wangu hawezi simama nje kama mgeni."

Akaingia ameinamisha kichwa. Mama akamnyooshea mkono. Mume wangu akanitazama, mimi nikatazama dirisha. Basi akaushika, jitu zima lile, akaangua kilio. Mama akamwacha alie, kisha akamuuliza, mbele yangu, kama mkewe anamlisha vizuri.