Jenereta la Kuazima

Ilianza Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa alipofika kwenye banda letu la kukusanyia na jenereta juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa ameliazima kwa mchimbaji mmoja wa dhahabu, mtu wa Kahama, na alitembea mbele yake kwa madaha kama anayepeleka ng'ombe wa mahari.

Sisi hatujawahi kuwa na jenereta. Hapa Gorong'a keni za maziwa zinatumbukizwa hadi shingoni kwenye maji ya chemchemi, chini ya miamba, zinakaa baridi mpaka mnunuzi wa Tarime aje saa sita na pikipiki yake. Maziwa ya asubuhi yanauzika. Ya jioni hayafiki kesho, yanachacha, na mama yangu anategemea ng'ombe tu. Ndiyo maana alilitaka sana lile tangi la kupozea kwa umeme wa jua ambalo mradi mmoja wa mazingira ulisema utalitoa kwa ruzuku.

Lakini ruzuku ilikuwa ya kupunguza moshi. Fomu niliisoma mimi, kwa sababu niko kidato cha tatu, nilikuwa likizo, na kikundi kizima hakuna aliyetaka kuhangaika nayo. Iliuliza tunachoma lita ngapi za dizeli kwa siku kupoza maziwa. Kadiri unavyochoma ndivyo unavyofaa. Asiyechoma hana cha kupunguza. Nilimweleza mwenyekiti hivyo, kwa sauti yangu ndogo, nikitegemea ataukasirikia mradi. Yeye akafurahi kama aliyeonyeshwa njia ya mkato.

Akaazima na friza bovu la duka la soda. Akawakataza akina mama kwenda chemchemini, wageni wa mradi watakaokuja kukagua wasije wakaona. Keni zikapangwa ndani ya friza, jenereta likawashwa nje, waya ukapitishwa dirishani. Lile friza lilikuwa limekufa tangu mwaka juzi, na kila mtu alijua. Mama mmoja alimwuliza maziwa yatapozwa na nini.

"Na subira, mama. Si wanasema huvuta heri?"

Wakacheka. Niliwadharau wote, na kalamu nimeishika mimi.

Wageni walichelewa. Walifika saa tano na nusu, mwanamke mwenye kofia pana na mwanaume wa kamera. Nilitegemea watu waliosoma kiasi kile wafungue friza, waguse keni moja tu. Hawakugusa. Walilipenda jenereta. Yule wa kamera alipiga magoti kwenye vumbi ili moshi uonekane vizuri, akaomba liongezwe nguvu kidogo. Miaka yote chemchemi inatupozea maziwa bure, hakuna aliyewahi kuja kuipiga picha.

Mwanamke akanigeukia. "Na wewe binti, kabla ya hili jenereta mlikuwa mnapoza vipi?"

Nikatazama kandambili zangu. Mwenyekiti akadakia, "Ni hili hili, tangu zamani. Limetumaliza."

Wakaondoka wameridhika. Fomu wakaniachia niimalizie, niitume ofisini kwao Tarime kesho yake.

Mnunuzi alipofika akatia spiriti kidogo kwenye maziwa ya keni ya kwanza kuyapima. Yakaganda, maana yake yameanza kuchacha. Ya pili vilevile. Hakugomba, alifunga madumu yake matupu akageuza pikipiki. Akina mama wakajitwika keni kurudi nazo nyumbani, mengine yawe mgando, mengine ya mbwa. Mwenyekiti hakuwepo, alikuwa amekwenda kurudisha jenereta.

Jioni nilimwambia mama kwamba nitaandika ukweli, kuwa hatuchomi chochote. Nilidhani atanisifu. Alikuwa anakamua, hakugeuka.

"Ukiandika ukweli watatupa tangi?"

Nikasema hapana.

"Basi andika anavyotaka mwenyekiti. Mimi nimechoka kumwaga maziwa ya jioni."

Jumatano asubuhi nilikaa kizingitini nikaandika lita kumi kwa siku, kwa ule mwandiko wangu ambao walimu wanausifia. Penye swali la njia nyingine za kupoza nikapiga mstari. Kisha nikaenda barabarani nikampa fomu mtu wa bodaboda anayekwenda Tarime. Aliponiuliza ni ya nini, nikamwambia sijui.