Wenye Wali

Ramani ilikuja imefunga sukari kutoka dukani Malaba. Ilikuwa ukurasa wa gazeti la vita, na ilionyesha kijiji cha msituni katika kisiwa kimoja cha Pasifiki: nyumba tisa, mto, na mishale ya majeshi mawili. Niliibandika mezani kwa uji wa muhogo, nikawa nacheza vita hivyo peke yangu. Mbele za watu maneno hunikwama. Mezani sikuhitaji maneno.

Mahindi yalikuwa Wamarekani, maharage meusi Wajapani. Nilichezea upande mmoja, kisha nikazunguka meza nikachezea wa pili. Kikombeni mlikuwa na karatasi sita zenye namba, moja hadi sita. Ukichota namba nne au zaidi, unasonga. Chini ya hapo unabaki. Atakayeshika nyumba zote tisa ameshinda. Kanuni hizo nilifundishwa na baba yangu mdogo, aliyekuwa askari Burma.

Siku moja nilimuuliza wenye kijiji huwa wapi.

"Hapana watu," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Sisi kule Burma naingia kijiji, iko tupu. Nakuta wali kwa sufuria, nakula. Moto mpaka nachoma ulimi." Akacheka.

Mimi sikucheka. Kwetu Kirewa, chungu kikiwa mekoni, mwenyewe yuko karibu. Hata mgeni mwenye njaa hupiga hodi akangoja. Nilichukua mbegu za boga, nikazipanga msituni nyuma ya nyumba zile, nikaongeza kanuni yangu: vita haviishi mpaka mbegu zote zimerudi nyumbani.

Kesho yake alizikuta.

"Hii nini?"

"Wenye wali."

"Toa. Vita hapana ya wanawake na watoto."

"Siwatoi, baba."

Sikuwa nimewahi kumkatalia mtu mzima.

"Watu nasema wewe kichaa, nacheza na hewa. Sasa nataka kuwa hakimu yangu?"

"Nataka warudi kwao tu."

Alizizoa zote akazitupa uani. Kuku wakazimaliza. Nilikwenda jikoni, nikapasua boga la mama, nikapanga mbegu mpya, bado zikiwa na utelezi. Akatupa na hizo. Nikarudi jikoni.

"Mama yako atakupiga," alisema.

"Anipige. Maboga tunayo mengi."

Mara ya tatu hakuzigusa. Alisimama mlangoni akanitazama nikichota mbili, kisha moja, kisha tatu, hakuna aliyesonga. Nilipopata tano, mbegu moja ikavuka mto, ikaingia nyumba ya kwanza.

"Nabaki ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja."

Akaja mezani, akanyoosha mkono achote yeye. Nikakivuta kikombe upande wangu. Alikuwa ameshakula wali wao. Kuwarudisha nilitaka niwarudishe mwenyewe.