Usiku Ndani ya Kitenge

Nilikuwa mtoto wa miaka saba nilipoanza kuogopa kitabu. Kilikuwa kitabu cha wanyama, kimoja kwa darasa zima, na madamu, mwalimu wetu, alitufundishia kila kitu humo: kwanza herufi, kisha jina la mnyama tulipigie mstari mmoja, kitendo chake mistari miwili. Hapo sikuwa na shida. Shida ilianza tulipofika kurasa ambamo Fisi na Sungura walizungumza.

Hizo zilikuwa hadithi, na bibi yangu, aliyenilea mtaani Mbugangari, alikuwa amenionya: anayesimulia hadithi mchana hugeuka mjusi. Nilimwamini. Ukuta wetu ulijaa mijusi, nami nilidhani najua walikotoka.

Kila nilipoitwa kusoma, nilifunga mdomo. Madamu hakunipiga. Alichoka tu, na leo namwelewa. Mwishowe akaniambia nije na mkubwa wangu: nisiposoma ukurasa mmoja kwa sauti, nitarudia darasa la kwanza.

Bibi aliacha kibarua chake shambani, akaja.

"Madamu, huyu mutoto anajua kusoma. Shida ni we. Unasomesha hadithi muchana."

"Sasa mama, nifundishe usiku?"

"Usiku ulale. Ngoja."

Akavua kitenge cha begani, akanifunika mimi na kitabu.

"Humu ndani iko usiku. Soma, mama," akaniambia.

Kitenge kilinuka moshi na sabuni. Mwanga ulipenya kwenye maua yake, wa kutosha. Nilisoma ukurasa mzima, polepole, wenzangu wakiimba, "Mujusi! Mujusi!" hadi madamu akawanyamazisha. Nikapanda darasa la pili.

Siku hizi binti yangu yuko darasa la kwanza. Narudi kutoka sokoni miguu imevimba, tunaketi na kitabu cha namna ile, anapiga miayo, nami napiga. Zamani niliona kwamba bibi alimshinda mwalimu. Sasa naona kingine. Hakuacha imani yake. Hadi anakufa hakunisimulia hadithi mchana. Kusoma hakukujua. Angeweza kukaa kimya, nikarudia darasa, na lawama ingekuwa ya shule. Badala yake alipoteza kibarua cha siku nzima, akapanda kilima cha shule, akachekwa na watoto wa watu.

Kukumbuka hilo hakunipunguzii uchovu. Kunanizuia tu kufunga kitabu.

"Bon, haya," namwambia binti yangu, "anza tena pale juu."