Kodi Haikuhama na Gari

Asmahan, mzaliwa wa Unguja, anaishi ughaibuni, mtaa wa Acocks Green, na mumewe Suhail. Kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaogesha wazee na kuwapa dawa. Mwaka jana breki za gari lake zilianza kumgomea. Akalipeleka mtaa wa Great Barr kwa Kewal, Singasinga mzaliwa wa Nakuru anayeuza magari huko, akabadilishana na jingine na kuongeza pesa kidogo.

Gari la zamani lilikuwa limelipiwa kodi ya barabara kwa miezi kadhaa mbele. Asmahan aliamini kodi hiyo imehamia kwenye jipya. Kewal alikuwa na wateja wengine, na kuna bibi kati ya wazee wake aliyekuwa akingojea chakula, basi Asmahan akachukua funguo na bahasha ya karatasi, akaondoka.

Hakufika mbali, Suhail akapiga simu. Sauti yake ikajaa garini.

"Kodi umelipa?"

"Si ipo ya lile la zamani?"

"Haihami, Asma! Ukishalitoa gari, kodi yake inafutwa. Hilo unaloendesha halina kodi!"

Maombi yake ya uraia yalikuwa hayajajibiwa, na alihofu kosa dogo tu litayaharibu. Akatazama kioo: gari la polisi nyuma yake. Akakata kona, nao wakakata. Akaegesha, akazima injini, akaanza kusoma Ayatul Kursi, akawa anarukaruka maneno aliyoyahifadhi tangu utotoni.

Polisi wakampita. Wakasimama nyumba ya tatu mbele, wakagonga mlango wa watu.

Akampigia Kewal kwa kunong'ona. "Mzee Kewal, njoo. Watanikamata."

"Usiwashe gari, mama. Nakuja sasa hivi."

Alipofika aliketi kando yake, akatoa kwenye bahasha kipande cha kijani cha hati ya gari, anachopewa mnunuzi mpya, akamsomea namba ya kulipia kodi. Asmahan alibonyeza simu, vidole vikakosea, akaanza upya. Polisi mmoja akarudi, akainama dirishani, akauliza kama wako salama. Kewal ndiye aliyejibu. Polisi akaenda zake, na malipo yakapita.

"Kosa langu," Kewal akasema. "Sikufaa kukuacha utoke hivyo. Na mwezi huu umelipa mara mbili, kwa sababu serikali inarudisha kodi ya miezi mizima iliyobaki tu, na hii mpya inahesabiwa kutoka tarehe mosi ya mwezi huu. Ungengoja mwezi uishe."

"Ningengoja na breki zile?"

Kwa wiki nyingi, kila barua iliyoanguka mlangoni ilimshtua moyo. Aliziacha chini mpaka Suhail arudi azifungue. Faini haikuja. Uraia ulikuja, akakaa kitako sakafuni jikoni akilia.

Siku ya kula kiapo cha uraia Suhail alichukua funguo za gari.

"Ziweke," Asmahan akamwambia. "Leo twende na treni."